Deilili zangu Lushoto, kutoka masika hadi mbegu za kwanza

Mei. Masika yanaisha, udongo bado laini. Deilili (ua la bustani, daylily kwa Kiingereza) ya rangi ya chungwa tuliyoikuta uani ilikuwa imesongamana: majani tele, maua haba. Nimeing'oa yote kwa jembe la meno, nikaiosha udongo, nikaipasua kwa mikono. Kila kipande kimebaki na machipukizi mawili matatu na mizizi yake minene. Majani nimeyapunguza hadi sentimita 15 hivi, na shingo ya mche, pale majani yanapokutana na mizizi, nimeifukia sentimita 2 au 3 tu. Ikizama zaidi inachelewa kutoa maua, na panapotuama maji inaoza.

Julai. Ukungu mpaka saa nne asubuhi, mimea imepoa. Deilili yangu ya njano, ambayo hubaki na majani mwaka mzima, haijali. Inaendelea kutoa jani jipya. Hiyo ndiyo ya kutafuta huku kwetu. Maelekezo mengi yameandikwa kwa watu wa nchi za theluji, na aina nyingi wanazozisifu ni zile zinazopoteza majani na kulala. Kati ya hizo ziko zinazohitaji baridi ya kweli. Zikiikosa hudhoofika mwaka hadi mwaka, na baridi ya Usambara ni ya sweta tu. Kwa hiyo nikimkuta muuza miche siku hizi naulizia majani kwanza, rangi baadaye. (Mwenye paka afikirie mara mbili: deilili huharibu figo za paka.)

Novemba. Vuli, na maua. Kila ua linafunguka asubuhi na jioni limesinyaa, lakini shina moja hubeba matumba mengi, basi uani hapakauki rangi kwa wiki kadhaa.

Nimeanza kuchavusha kwa mkono. Nachuma stameni (kijiti chenye chavua) moja kati ya sita, nagusisha chavua yake kwenye ncha ya kile kikonyo kirefu cha katikati, halafu nafunga uzi wa rangi kama alama. Nafanya asubuhi, kabla mvua haijalowesha chavua. Ya chungwa siihangaikii kuwa mama. Ile ya kale iliyoenea duniani ina seti tatu za kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) badala ya mbili, haifungi mbegu, na huzaliana kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Mama ni ya njano. Baba ni nyekundu iliyoiva, niliyopewa na jirani kwa kubadilishana na waridi.

Januari. Vitunda vingi vilidondoka vikiwa vichanga. Vilivyoshika vimeiva kwa wiki saba hivi, vikaanza kupasuka juu: mbegu nyeusi, za mviringo, zinang'aa. Nimezisia kwenye trei ya mchanga na mboji, nikazungushia senyenge kwa ajili ya kuku. Chache zimeshatoa jani jembamba kama nyasi. Masika yakianza nitazihamishia ardhini, nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche, upande wa jua la asubuhi.