Taa za mashua ya Mjomba: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki ya kwanza: kupima kabla ya kufungua

Mashua ya Mjomba ina urefu wa mita 11, husafiri kwa tanga na kwa mashine ya dizeli, na mara nyingi huvuka Mkondo wa Pemba usiku kutoka Tanga ili mzigo ufike asubuhi. Nilikubali kuzishughulikia taa zake baada ya nahodha kunieleza kwamba safari iliyopita meli kubwa iliwapita karibu mno, ilhali taa zao zote zilikuwa zinawaka. Mimi ni fundi umeme, na neno hilo la "zinawaka" halikunitosha. Chombo cha mbao hakijitokezi vizuri kwenye rada, kwa hiyo mwangalizi aliye juu ya meli hujua mashua inaelekea wapi kwa rangi ya taa anayoiona, na kwa ile asiyoiona.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zimeligawa duara la nyuzi 360 kwa makini sana. Taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia, kila moja huangaza nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hadi nyuzi 22.5 nyuma ya ubavu. Taa nyeupe ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo, huchukua nyuzi 135 zilizobaki, na chombo kinachoendeshwa kwa mashine huongeza taa nyeupe ya mlingotini yenye nyuzi 225. Kwa chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni zinapaswa kuonekana umbali wa maili 1 ya bahari, na zile nyeupe maili 2.

Nilianza na taa ya tezi, yenye balbu ya wati 25. Kwenye betri multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, ilisoma volti 12.5, lakini kwenye taa yenyewe, ikiwa inawaka, nilipata 10.4. Waya uliotumika ni wa milimita 1.5 za mraba, na kutoka kwenye betri hadi tezi ni mita 12, yaani mita 24 kwenda na kurudi. Kwa mkondo wa ampea 2 na kidogo, waya wenyewe haupaswi kula zaidi ya volti 0.6. Zilizobaki, volti moja na nusu, zilikuwa zinapotelea kwenye viungo. Nilifungua kiungo cha kwanza kilichofungwa kwa tepu nyeusi, nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani uliopukutika kwenye kiganja changu. Balbu ya uzi, yaani inayoangaza kwa waya mwembamba unaowaka ndani yake, haivumilii upungufu wa namna hiyo, kwani mwanga hupungua kwa kasi kuliko volti, na kwa kipimo hicho taa ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake bila mtu yeyote mashuani kutambua. Anayesimama mita mbili kutoka kwenye taa huiona kali siku zote.

Wiki ya pili: waya na swichi

Nimetoa waya wote wa zamani na kuweka wa shaba iliyopakwa bati, wa milimita 2.5 za mraba, bila kiungo chochote njiani. Kila ncha nimeibana kwa kichwa chake, nikaifunika kwa mpira unaojikaza kwa joto, na kila taa ina fyuzi yake. Taa ya tezi sasa inapata volti 12.1.

Kosa lililonisumbua zaidi lilikuwa kwenye swichi. Taa zote zilikuwa kwenye swichi moja, na baharia aliiwasha jua likizama bila kujali chombo kinaendeshwa kwa nini. Mashua iliyotweka tanga na kuzima mashine haitakiwi kuonyesha taa ya mlingotini. Ikiionyesha, meli nyingine huisoma kuwa chombo cha mashine na kuitarajia ifuate sheria za chombo cha mashine, ikiwa ni pamoja na kuipisha meli inayotokea kuliani kwake. Nahodha naye anajua kwamba yuko kwenye tanga na anangoja apishwe. Kila mmoja anamngoja mwenzake! Nilipomweleza Mjomba hilo alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi mwanangu, tumekuwa tukiwadanganya watu miaka yote hii."

Sasa kuna swichi tatu, nami nimeziandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao: TANGA, inayowasha za ubavuni na ya tezi, MASHINE, inayoongeza ya mlingotini, na NANGA, inayowasha taa moja nyeupe ya kuonekana pande zote na kuziacha nyingine zimezimwa. Wakitumia tanga na mashine kwa pamoja, swichi ni ya MASHINE. Nimewaomba pia mabaharia waishushe taa ya sola waliyokuwa wakiitundika nyuma wakati wa kupika, kwa sababu mwanga wake uliimeza kabisa taa ya tezi.

Bamvua: kupima mchangani

Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Tanga hupwa sana mnamo saa nne usiku, na huo ndio usiku niliokuwa nikiungoja. Mashua ilikaa juu ya mchanga, imeegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kuizuia isilale, nasi tukaipima kwa kamba tupu. Kwa mpaka wa nyuma, nilivuta kamba mita 10 kutoka kwenye taa, mraba kabisa na mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, kisha nikarudi mita 4.14 kuelekea tezi na kuchomeka mti; mstari kutoka kwenye taa hadi mti huo ndio nyuzi 22.5. Hapo nyekundu ilizimika na nyeupe ya tezi ikajitokeza karibu hatua ile ile. Upande wa kulia ulikuwa hivyo hivyo.

Mbele mambo hayakuwa sawa. Kanuni zinataka mwanga wa ubavuni ufifie ndani ya nyuzi 1 hadi 3 nje ya sehemu yake, na kwa umbali wa mita 20 hizo ni kama sentimita 35 hadi mita 1.05. Nilisimama mita 20 mbele ya taa nyekundu, nikaanza kusogea upande wa kijani polepole. Hatua moja, nyekundu ipo. Ya pili, bado ipo. Nilipita mita 2 kabla haijapotea, yaani takriban nyuzi 6. Maana yake ni kwamba mtu aliye mbele kidogo upande wa kulia wa mashua angeona rangi zote mbili, na angeamini kuwa inamjia moja kwa moja.

Nilifungua kioo kwa mwanga wa simu. Ndani kulikuwa na balbu ya gari ambayo uzi wake umelala, wakati taa ya aina hii imeundwa kwa uzi uliosimama wima, mwembamba nyuma ya ukingo unaokata mwanga. Uzi uliolala ni mpana, na upana huo huchungulia upande wa pili. Aidha, ubao wa nyuma ya taa ulipakwa rangi nyeupe ya mafuta, ukawa unarudisha mwanga. Nilibadilisha balbu, nikapaka ubao rangi nyeusi isiyong'aa; kwa vyombo vya mita 20 na zaidi hilo ni sharti siku zote, na kwa vidogo zaidi ni sharti pale linapohitajika ili mwanga ukatike ndani ya mpaka. Usiku uliofuata nyekundu ilipotea kwenye sentimita 80.

Wiki ya nne: betri

Nahodha amenikiri jambo ambalo nilikuwa nikilihisi: usiku wa manane huzima taa ili betri ibaki na nguvu ya kuwasha mashine. Simlaumu. Taa tatu za wati 25 hula ampea zaidi ya 6, na kwa usiku wetu wa saa 12 hizo ni ampea-saa 75 kutoka kwenye betri ya 100.

Nilijaribu kwanza balbu za LED za bei nafuu ndani ya taa zile zile. Redio ya VHF, ya mawasiliano baharini, ilianza kuvuma kwenye chaneli 16, ile ya wito na dharura, mara tu nilipoziwasha, na kijani kikaelekea samawati, kwa kuwa kioo cha kijani kimepangiwa mwanga wa uzi. Nimeziondoa. Badala yake nimenunua taa nzima ya LED ya tezi na nyingine ya mlingotini, zilizothibitishwa kwa kazi hii na kuzibwa kiwandani. Kila moja inakula wati 3, na redio iko kimya.

Za ubavuni zinabaki na balbu za uzi hadi nipate fedha. Kabla ya kusi nitabadilisha raba za vioo vyake, na nahodha amekubali kuviosha kila safari kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni, bila petroli, ambayo huipasua plastiki. Jana alfajiri walitweka tanga, nami nikawatazama kutoka ufukweni: kijani kwanza, kisha walipogeuza omo kuelekea Pemba, nyeupe moja ya tezi, hadi ikazama nyuma ya mawimbi.