Kimeng'enya kimoja cha ini

Tangu binti yetu agundulike na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, nimekiheshimu kitu ambacho wengi hawajawahi kukisikia: kimeng'enya cha ini kiitwacho fenilalanini haidroksilesi. Kazi yake ni kuitia oksijeni fenilalanini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, ili iwe asidi amino nyingine, tairosini. Basi. Kwake hakifanyi kazi, kwa hiyo fenilalanini inayotoka kwenye protini hujilimbikiza katika damu na kudhuru ubongo unaokua.

Alizaliwa mzima wa kutazama, ananyonya vizuri, analia kwa nguvu. Kilichomwokoa ni damu kidogo ya kisigino, iliyopimwa mapema kabla dalili yoyote haijajitokeza.

Namfikiria sana Borgny Egeland, mama wa Norwe aliyehangaika kwa madaktari akitaka kujua kwa nini wanawe wawili wamedumaa akili na mikojo yao inanuka ajabu. Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling alitia kloridi ya chuma kwenye mkojo wao, ukageuka kijani. Jibu lilipatikana, ila wao walikuwa wameshadhurika. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Sisi tunapima chakula chake kwa mizani, gramu kwa gramu. Maziwa yake maalumu yana asidi amino nyingine, tairosini ikiwemo. Na hapa ndugu wengi huchanganyikiwa: fenilalanini haiondolewi yote, maana mwili hauwezi kuitengeneza na bila hiyo mtoto hakui. Anapewa kidogo, kwa kipimo. Vinywaji vyenye aspatemu, kile kitamu cha kutengenezwa badala ya sukari, tumeviacha kabisa, kwa sababu vina fenilalanini.

Majibu ya damu ya wiki hii yako ndani ya kiwango. Nimefurahi mno!