Daftari la Mnadani

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2008, mchepuo wa HKL. Kiswahili nilipata C, Historia S, Kiingereza S. Aliyesoma enzi zile anajua maana yake: chuo kikuu kilitaka principal mbili, yaani alama kuanzia A hadi E, na S si principal. Nikarudi Pangani kwa bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mume wangu," kisha akanisogezea sahani ya wali bila kuuliza habari za mtihani. Kwa wiki kadhaa nilikuwa natoka nje usiku tu, nisikutane na walimu wangu wa msingi.

Mjomba ndiye aliyenitoa. Alikuwa dalali wa samaki pale Deep Sea, Tanga mjini, na karani wake alikuwa ameacha kazi. Tukapanda gari alfajiri, tukapita Tongoni, tukapita Machui alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mjomba akanionyesha kwa kidole, akasema, "Huyo naye alikuwa karani, wa forodha." Hakuongeza neno. Nililishika hilo kwa miaka.

Watu wakisikia leo nafundisha chuo kikuu huniuliza nilisoma wapi. Nawatajia vyuo, lakini kwa kweli kazi hii nilijifunzia mnadani. Samaki walishushwa kabla jua halijachomoza, wengine kwenye matenga, wengine wametungwa mitungo. Dalali anaita bei, mimi naandika: chombo gani, samaki gani, kanunua nani, kalipa au kakopa. Nikikosea jina la samaki, jioni kuna ugomvi wa pesa. Na majina ndiyo yaliyokuwa matata. Samaki mmoja yuleyule sisi tulimwita tasi, mvuvi mwingine akamwita chafi, mabaharia wa upande wa Mombasa wakamwita tafi. Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga alimtuma kijana achukue mzigo, kijana akaenda na samaki wengine kabisa kwa sababu ya jina, na hasara tukaigawana mimi na mjomba.

Tangu siku ile nikageuza daftari. Mbele hesabu za mnada, nyuma majina. Kila jina jipya niliandika aliyelitaja ni mtu wa wapi, siku gani, chombo gani, na samaki kavuliwa kwa zana gani: mtego wa dema, mshipi, nyavu za jarife au juya. Haukuwa utafiti. Nilitaka tu nisidaiwe tena. Mzee mmoja mvuvi wa Tongoni alikuwa akiniona naandika, siku moja akaniambia, "Mwanangu, ukiandika samaki bila maji yake hujaandika kitu." Akanikalisha juu ya gogo akanifundisha. Bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari ikijaa kidogo na kutoka kidogo. Pepo za kaskazi na kusi, na kati yake ile tanga mbili ambayo upepo haujajua uende wapi. Matlai, upepo wa asubuhi. Umande, upepo unaotoka nchi kavu. Yote yakaingia nyuma ya daftari.

Mwezi huohuo wa angani ndio ulionipa nafasi ya kusoma. Wanaovua dagaa na vibua kwa taa hutoka siku za giza, kwa hiyo giza lilikuwa msimu wetu wa kazi na hatukulala. Mbalamwezi ikifika taa hazina maana, mwalo unapoa. Ratiba yangu ya kurisiti niliipanga hivyo: giza mnadani, mbalamwezi vitabuni, kwenye chumba cha mjomba Ngamiani. Namshauri kila kijana anayerisiti huku anafanya kazi asiige ratiba ya mwanafunzi wa bweni. Atazame kazi yake inapumua lini, aingie hapo. Februari 2010 nilikaa mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata D ya Historia na E ya Kiingereza. Principal zikawa tatu.

Mkopo nikakosa. Nikaenda chuo cha ualimu, stashahada, miaka miwili. Nikapangiwa shule ya kata wilayani Handeni, mbali na bahari, nikafundisha Kiswahili kwa madarasa yaliyojaa hadi mlangoni. Miaka ile niliipenda, ila sitaikalia hapa.

Mwaka 2014 nilijiunga na Chuo Kikuu Huria, kwa kuwa sikuhitaji kuacha kazi. Mitihani nilishukia Tanga. Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kwamba niliuliza mapema. Mhadhiri mmoja aliyekuja kituoni aliniambia wazi: ukitaka kufundisha chuo kikuu, shahada ya kwanza GPA, yaani wastani wa alama unaoishia 5, isipungue 3.8, na ya uzamili isipungue 4.0. Wengi hulijua hilo wakishahitimu na 3.4, mlango umeshafungwa, na huwa naumia nikiwaona. Mimi niliandika 3.8 kwenye karatasi nikaibandika juu ya kitanda. Mwaka wa kwanza nikapata sapu, mtihani wa marudio, ya Fonolojia. Nililia. Halafu nikakokotoa kila somo lililobaki linahitaji nini. Nilimaliza 2018 na 3.9.

Uzamili ulichelewa mwaka mzima kwa sababu barua yangu ya ruhusa ya masomo ililala kwenye ofisi moja. Ada ya mwanzo mke wangu aliitoa kwenye kikoba chake, na hilo nitalitaja kila nitakaposimama. Mwaka 2019 nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma Kiswahili.

Nilikwenda na wazo la kuandika juu ya riwaya, kwa kuwa nilidhani ndiko wanakoandikia wasomi. Kisha maktabani, sehemu ya Afrika Mashariki, nikaletewa kijitabu chembamba cha mtaalamu wa lugha Whiteley cha mwaka 1956 kuhusu Kimtang'ata. Nikakisoma nimesimama. Kimtang'ata ni lahaja ya mwambao wetu, kusini ya Tanga. Shuleni tulikuwa tukichapwa kwa kusema kama bibi, tukaambiwa ni Kiswahili kibovu. Na hapa kuna mtu alitoka mbali, akakaa, akasikiliza, akachapisha. Nikampigia bibi simu nikamsomea sentensi. Akasema, "Huyo aliyeandika alizungumza na watu wetu," akanisahihishia matamshi yangu.

Kesho yake nilimpelekea msimamizi lile daftari, kurasa zimeshikana kwa chumvi. Alikuwa mkali. Akasema orodha ya majina si data mpaka ueleze nani alisema, lini, wapi, kwa muktadha upi. Nikamfungulia ukurasa. Vyote vilikuwemo. Karani asiyeandika tarehe na chombo hulipa mwenyewe, ndiyo maana vilikuwemo. Alinyamaza, akageuza kurasa, akauliza bamvua ni nini.

Kazi haikuishia hapo. Nilirudi uwandani Pangani, Tongoni na Deep Sea miezi mitano, nikarekodi upya, kwa sababu daftari la 2009 halikuwa na idhini ya wasemaji wala sauti zao. Mzee wa Tongoni alikuwa ameshafariki. Wanawe wanavua, lakini nusu ya majina yake ya upepo hawakuyajua. Hapo ndipo nilipoacha kuiona kazi hii kama njia ya kupata cheo.

Tasnifu niliitetea 2021. Mwaka uliofuata nikaitwa kwenye usaili wa mhadhiri msaidizi, nikatakiwa kufundisha mbele ya jopo kwa dakika ishirini. Wenzangu walikuja na nadharia. Mimi nilichora mwezi ubaoni na kuanza na bamvua.

Somo langu la kwanza la lahaja niliandika maneno matatu ubaoni: tasi, tafi, chafi. Msichana wa Mafia aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, kwetu hapo kuna samaki wawili, si mmoja." Nikamwomba aje mbele achore. Alipokuwa anachora nikatoa daftari jipya kwenye mkoba, nikaandika tarehe, nikamuuliza ni mtu wa kijiji gani na hao samaki wanavuliwa kwa dema au kwa mshipi.