Diski ya Bibi

Mwaka 2016, siku chache baada ya arobaini ya Bibi, mjomba alinikabidhi diski ya kompyuta iliyoviringishwa kwenye leso. Binamu yangu alipokuja likizo kutoka masomoni Uingereza alimrekodi Bibi akisimulia ukoo wetu tangu Pangani. Kompyuta yake ikaja kuibiwa. Nakala ilibaki hiyo moja.

"Mjomba, usije ukaipoteza," mjomba akaniambia, naye huniita mjomba kama ninavyomwita.

Kwa fundi, Tanga mjini, Windows ilidai diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Kijana akapeleka mshale kwenye kitufe. Nikamdaka mkono! Simlaumu: ujumbe ule unasomeka kama ushauri wa kawaida, na wangapi wamepoteza picha za wazazi wao kwa kuutii. Diski haikuwa mbovu. Binamu alitumia Mac, kompyuta ya Apple, na diski ilifomatiwa kwa HFS+, mpangilio wa faili wa Mac, ambao Windows haiusomi.

Nyumbani kompyuta yangu ilikuwa na Ubuntu 16.04, aina ya mfumo wa Linux. Nikaandika lsblk -f, amri ya kuorodhesha diski na mpangilio wake. Ikatokea sdb1, kipande kidogo cha megabaiti 200 ambacho Mac hujitengea, na chini yake sdb2, ubavuni imeandikwa hfsplus, yaani HFS+ ile ile. Neno lile moja lilinishusha pumzi. Nikaipachika, yaani kuiunganisha ili faili zake zionekane, kwa amri ya mount, nikaongeza ro, yaani kusoma tu. Kwa diski ya Mac ya namna ile, Linux yenyewe husita kuandika, nami sikutaka hata nukta ibadilike.

Folda ikaonekana. Kuifungua, nikaambiwa sina ruhusa.

Hapo nilikwama karibu saa nzima, moyo unadunda, nikidhani sasa kweli imeharibika. Kumbe mifumo hii haimjui mtu kwa jina, humjua kwa namba. Kwenye Mac mtumiaji wa kwanza hupewa 501. Kwenye Ubuntu, 1000. Folda ilikuwa ya 501, imefungwa kwa wengine wote, na mimi 1000 nilikuwa mgeni mlangoni. Nikanakili kwa sudo, amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi, kisha nakala nikazimilikisha kwangu kwa chown, amri ya kubadili mmiliki. Diski yenyewe sikuigusa.

Video ya kwanza tuliifungua baada ya Ishaa. Bibi alikohoa, akauliza kama kamera imeshawaka, akaanza na jina la mama yake. Mjomba akaomba kalamu na daftari.