Tangi la maji la Justinian, vituo vitatu kutoka Laleli

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokuja Istanbul kununua nguo Laleli, mzigo ukishafungwa swali ni lilelile: "Kaka, tukapige picha wapi?" Nawapandisha tramu hadi Sultanahmet. Wengi wanadhani tunaenda moja kwa moja msikitini, kumbe naanza kwa kuwashusha ngazi.

Huko chini ndiko Yerebatan, tangi lililojengwa na Justinian, mfalme wa Warumi waliotawala mji huu, katika karne ya 6. Lina nguzo 336 za mita 9 hivi kila moja, safu 12 za nguzo 28, na lilihifadhi takriban mita za ujazo 80,000. Siku hizi limebaki na maji machache tu, na matone ya darini hayakosi kukudondokea begani.

Mji huu umekumbatiwa na bahari, lakini maji ya kunywa yalitoka mbali, misituni, kwa mifereji. Adui akikata mfereji, mmekwisha. Na ulikatwa kweli: mwaka 626 Waavari, kabila la wapiganaji wa farasi, waliuzingira mji wakaharibu mfereji wa Valens, na haukutengenezwa hadi 766. Mtu wa Dar aliyezoea mgao hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini watu walichimba matangi.

Wateja wangu hukimbilia vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nyoka badala ya nywele; kimoja kimepinduliwa, kingine kimelazwa ubavu. Waongozaji wana hadithi nyingi kuvihusu. Mimi naona fundi alitaka tu jiwe la kimo kinachotosha chini ya nguzo. Hata nguzo zenyewe nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani, ndiyo maana hazifanani. Iko moja imechongwa machozi tupu, na hiyo ndiyo ningekushauri uitafute.

Waosmani, yaani Waturuki, walipouteka mji mwaka 1453 walipendelea maji yanayotiririka, si yaliyotuama, na tangi likasahaulika. Lakini si kwa wote. Katika miaka ya 1540 msomi Mfaransa Pierre Gilles aliwakuta wenyeji wakiteremsha ndoo kupitia matundu ya sakafu za nyumba zao, na samaki walikuwa wakivuliwa humo humo! Akashuka na mashua na mienge, akazunguka katikati ya nguzo. Yaani wasomi walikuwa hawana habari, na mama wa nyumbani anajua pa kuchota.

Matangi mengine yalikuwa ya wazi, hayana paa. La Aetius, la mwaka 421, liko Karagümrük, na sasa ni uwanja wa mpira, Vefa. Kuta za kale zimeuzunguka, nyasi ziko chini kabisa kuliko barabara. Huko wateja hawataki kwenda, wanasema mpira wameuacha nyumbani. Wenye mzigo mdogo na jioni nzima ya bure ndio nafanikiwa kuwashawishi.