Kioo cheusi Kibirizi: nilivyoifikia kompyuta ya Linux nikiwa Tabora

Kompyuta iko kwenye ghala la dagaa Kibirizi, Kigoma. Mimi niko Tabora. Kati yetu kuna reli ya takriban kilomita 400, kwa hiyo kila kosa linalotaka mkono wa fundi pale mezani ni nauli pamoja na siku mbili tatu za kazi kulala. Mashine ni ya mezani, ina Ubuntu 22.04, inatunza daftari la mizigo inayoingia na kutoka, na intaneti yake inatoka kwenye ruta ya 4G yenye laini ya simu. Nilichotaka ni kuliona eneo-kazi lake kwenye laptopu yangu kama vile nimekaa mbele yake.

Simu kutoka ghalani huwa fupi: "Fundi, haifunguki." Neno hilo moja linabeba magonjwa mengi. Nimezoea kuyatenganisha kwa kufuata njia ambayo picha inapita: umeme, intaneti, handaki (njia ya mtandao iliyofungwa) kati ya mashine na seva niliyokodi, poti (mlango ambao programu inasikilizia), kisha sesheni ya mtumiaji. Napima kwa mpangilio huo huo, na sigusi ngazi ya juu kabla ya chini kuthibitika. Anayeanza kwa kufuta xrdp, programu inayotuma picha ya eneo-kazi, na kuisakinisha upya ameanzia kwenye paa, na mara nyingi hujiongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Kwenye umeme na intaneti sitakawia. Namwuliza kijana wa ghala taa ya mashine inawaka au imezima, halafu namwuliza bando. Bando likiisha, ruta bado inaonyesha mnara na anwani, lakini hakuna kinachopita. Nimewahi kupoteza saa nzima kwenye mipangilio kabla ya kuuliza hilo.

Kuhusu njia yenyewe: usihangaike kufungua poti kwenye ruta ya laini ya simu. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au inaanza na 10, ujue mnagawana anwani moja ya nje na wateja wengine wengi, na mtu aliye nje hawezi kukupigia hodi hata ukipanga kila kitu sawasawa. Na hata ukipata anwani yako mwenyewe, poti 3389, ile ya xrdp, usiiache wazi kwa dunia. Programu za kubahatisha nywila huzunguka mtandaoni usiku na mchana zikiitafuta poti hiyo.

Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya nje, kisha nikaifanya mashine ya Kibirizi na laptopu yangu zote mbili ziipigie seva hiyo kwa WireGuard, programu ya kutengeneza handaki. Upande wa Kibirizi, mbali na funguo na anwani ya seva, faili la /etc/wireguard/wg0.conf lina mistari hii:

[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
MTU = 1280

[Peer]
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Ile 25 ni sekunde. Bila hiyo, handaki likikaa kimya, mtambo wa kampuni ya simu unasahau njia ya kurudi, na wewe uliye nje huna namna ya kuiamsha. Kwenye seva lazima net.ipv4.ip_forward iwe 1, na faiawoli yake (ukuta wa ulinzi) iruhusu pakiti, yaani vipande vya data, kupita kutoka wg0 kwenda wg0. Dalili ya kusahau hilo ni rahisi kuitambua: mashine zote mbili zinafikia seva kwa ping (amri ya kuuliza kama mashine nyingine inajibu), lakini zenyewe kwa zenyewe hazifikiani.

Mstari wa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja, ulinigharimu muda mwingi kuliko yote. WireGuard kwa kawaida huweka 1420, na kwa hesabu hiyo ping ilipita vizuri kabisa. Amri "sudo wg show" ilionyesha salamu za mwisho kati ya mashine zilikuwa sekunde chache tu zilizopita. Lakini nikifungua eneo-kazi, dirisha linatokea tupu na kuganda. Ping ya kawaida ni pakiti ndogo, inapenya popote. Picha ya eneo-kazi ni pakiti zilizojaa, na zilizojaa zilikuwa zinapotea njiani bila taarifa. Kipimo chake ni hiki:

ping -M do -s 1392 10.8.0.2

Namba 1392 ukijumlisha baiti 28 za vichwa unapata 1420. Ikikaa kimya, shusha hadi 1252, ambayo kwa vichwa vyake inakuwa 1280. Kwangu ya kwanza ilikaa kimya, ya pili ikajibu mara moja. Nikaandika 1280 kwenye mashine zote tatu, na kuganda kukaisha.

Kabla ya kugusa eneo-kazi, tengeneza njia ya pili ya kuingilia, tena ya aina tofauti na ya kwanza. Nalisisitiza hili kuliko jingine lolote. Kosa la eneo-kazi halirekebishwi kupitia eneo-kazi lenyewe. Mimi niliiwekea mashine handaki la SSH (njia ya kuingia kwa kuandika amri tu) linalotoka ndani kwenda kwenye seva:

ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -o ServerAliveCountMax=3 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 2222:localhost:22 fundi@seva

Amri hiyo inaendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, yenye Restart=always na RestartSec=10, ikitumia ufunguo badala ya nywila. Hapo nami nikiingia kwenye seva naandika "ssh -p 2222 localhost" na najikuta Kibirizi. Kuna mtego mmoja. Mtandao ukikatika ghafla, seva bado inaamini muunganisho wa zamani uko hai na inaendelea kushikilia poti 2222. Mashine ikirudi inakataliwa, inajaribu tena, inakataliwa tena. Dawa iko upande wa seva: kwenye /etc/ssh/sshd_config weka ClientAliveInterval 30 na ClientAliveCountMax 3, nayo itaachia poti baada ya kama dakika moja na nusu.

Sasa kioo cheusi chenyewe. Nilisakinisha xrdp, na kwanza nikathibitisha kwamba kweli inasikiliza:

sudo ss -tlnp | grep 3389

Angalia jina la programu mwishoni mwa mstari. Ubuntu 22.04 ina huduma yake ya kushiriki eneo-kazi, nayo inatumia poti hiyo hiyo 3389. Ukikuta jina ni gnome-remote-de badala ya xrdp, nenda kwenye mipangilio ya kushiriki uizime, maana mbili haziwezi kukaa kwenye poti moja. Kisha mwongeze mtumiaji xrdp kwenye kundi linaloruhusiwa kusoma ufunguo wa cheti, la sivyo utaona malalamiko ya ruhusa ndani ya /var/log/xrdp.log, na baadhi ya programu za upande wa mteja zitakataa kuunganishwa:

sudo adduser xrdp ssl-cert
sudo systemctl restart xrdp

Baada ya hapo dirisha la kuingilia lilitokea, nywila ikakubaliwa, likapita ujumbe kwamba nimeingia kwenye onyesho namba 10, kisha kioo kikawa cheusi tii. Hapa ndipo wengi hukisia. Lakini ujumbe ule umeshakuambia mengi: mtandao mzima, poti nzima, nywila sahihi. Ugonjwa umebaki kwenye sesheni peke yake. Nikaingia kwa njia ya pili na kuandika "loginctl". Jina la mtumiaji yule yule lilikuwa limeorodheshwa mara mbili: moja ni mimi, nyingine iko kwenye kioo halisi cha ghalani, kwa sababu mashine ilikuwa imepangwa kujiingiza yenyewe inapowaka. GNOME, eneo-kazi la kawaida la Ubuntu, haikubali mtumiaji mmoja kuwa na sesheni mbili za picha kwa wakati mmoja. Ya pili inajaribu kutumia njia ya mawasiliano ya ndani (D-Bus) ya ile ya kwanza, na unabaki na kiza.

Unaweza kuhariri /etc/xrdp/startwm.sh na kuongeza, juu ya mistari inayoanzisha eneo-kazi, hizi mbili:

unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
unset XDG_RUNTIME_DIR

Nilijaribu na inafanya kazi, ila sikuipenda. Watu wawili ndani ya folda moja ya nyumbani huvurugiana mafaili ya mipangilio. Nilichoamua ni kufungua akaunti ya pekee kwa ajili ya kuingia kwa mbali, na kuipa XFCE badala ya GNOME:

sudo adduser mbali
sudo apt install xfce4
echo xfce4-session | sudo tee /home/mbali/.xsession

XFCE ni nyepesi, na kwa laini ya simu uzito ndio kila kitu. Nikazima vivuli na uwazi wa madirisha, nikaondoa picha ya nyuma na kuacha rangi moja, kwenye /etc/xrdp/xrdp.ini nikashusha max_bpp (biti za rangi) kutoka 32 hadi 16, na kwenye Remmina, programu ninayotazamia kwenye laptopu, nikachagua ukubwa wa 1280 kwa 720. Sasa kishale kinafuata mkono.

Kuna kioo kingine kinachofanana na hicho lakini si hicho: unaingia, kinamulika sekunde moja, kinakurudisha kwenye dirisha la nywila. Hapo angalia vitu viwili. Cha kwanza ni "df -h". Diski ikijaa asilimia 100, sesheni haina pa kuandika na inakufa papo hapo. Cha pili ni mwenye faili la .Xauthority kwenye folda ya mtumiaji. Likiwa mali ya root (msimamizi mkuu wa mashine), kwa sababu mtu aliwahi kuanzisha picha kwa sudo, mtumiaji hawezi kuliandika. Lifute, litajitengeneza upya. Kama vyote viko sawa, soma .xsession-errors na /var/log/xrdp-sesman.log; mara nyingi jibu liko kwenye mistari kumi ya mwisho.

Ukifika kwenye faiawoli, jiwekee kamba ya kujivutia nje kabla hujaiwasha. Sakinisha programu ya "at", inayoendesha amri kwa muda uliopangwa, halafu:

echo "ufw disable" | sudo at now + 10 minutes
sudo ufw allow in on wg0 to any port 3389 proto tcp
sudo ufw allow 22/tcp
sudo ufw enable

Ukijifungia nje, dakika kumi zinapita na mlango unajifungua. Ukiona bado umo, ifute kazi hiyo kwa atrm.

Wiki kadhaa mambo yalitulia, kisha umeme ukakatika usiku na asubuhi WireGuard ikagoma kusimama. Hakuna nilichokuwa nimebadilisha. Njia ya SSH ilikuwa hai, kwa hiyo niliingia, na funguo zilikuwa sahihi, anwani sahihi, ruta nzima. Kilichonishtua ni tarehe kwenye logi: ilikuwa imerudi nyuma miaka. Salamu ya WireGuard hubeba muhuri wa muda, na seva inakumbuka muhuri mkubwa kuliko yote iliyowahi kuupokea kutoka kwa mashine ile. Ukija na muhuri wa nyuma inaudhani ni wa mwizi anayerudia salamu za zamani, na haijibu kitu. SSH ya ufunguo wa kawaida haiulizi saa, ndiyo maana yenyewe ilipita. Hii ndiyo sababu nasema njia ya pili iwe ya aina tofauti.

Saa ilirudi nyuma kwa mambo mawili kukutana. Betri ya saa kwenye mazabodi ilikuwa imekwisha, na mtu pale alikuwa amezima kupanga saa kwa mtandao ili aiweke kwa mkono. Nilirekebisha la pili nikiwa Tabora:

sudo timedatectl set-ntp true

Saa ikasogea mbele yenyewe na handaki likasimama bila kuguswa. Kama ungekuwa huna njia ya pili, ungeweza kuiwasha upya huduma ya WireGuard kwenye seva, kwa kuwa kumbukumbu hiyo ya muhuri inakaa kwenye RAM tu. Betri yenyewe ni CR2032, duara la ukubwa wa sarafu, volti 3. Kijana aliitoa kwa ukucha, akaweka mpya upande ulioandikwa jumlisha ukitazama juu.

Mengine mawili yalihitaji mikono yake, nami nikimwongoza kwa simu. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) tuliweka mashine ijiwashe umeme unaporudi. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kubaki zimezima. Pia tulihamisha intaneti kutoka Wi-Fi kwenda kwenye waya, maana Wi-Fi iliyohifadhiwa kwa mtumiaji mmoja haiunganishi mpaka mtumiaji huyo aingie. Usingizi niliuzima mwenyewe, kwa sababu Ubuntu ya mezani inaweza kulala ikiwa bado iko kwenye dirisha la kuingilia, hata kama mtumiaji ameshazima usingizi kwenye akaunti yake:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Jaribio la mwisho lilikuwa la soketi. Nilizima mashine kwa amri, nikamwambia kijana azime soketi ya mashine na ruta, ahesabu hadi sitini, awashe, asiguse kingine. Tabora nikaacha ping ikienda. Jibu la kwanza lilirudi baada ya dakika mbili na ushee, na sehemu kubwa ya muda huo ni ruta ilikuwa inatafuta mnara.