Risasi Chini ya Rangi

Nta ya nyuki ikipata moto ina harufu yake, na juzi harufu hiyo ilinirudisha kwa Mzee wa gereji yetu na lile gari jeupe la milango miwili, la mwanzoni mwa miaka ya 60. Vibao vya mbao vya kusukumia risasi, yale madini laini ya kuzibia maungio ya bodi, hupakwa nta ili visinate. Ukingo wa kibao kimoja uligusa moto, moshi ukapanda, na siku ile yote ikanijia.

Mnunuzi alikuja na sumaku na kipima unene wa rangi. Mlangoni sumaku ilinata, juu ya fenda ya nyuma ikanata, lakini pale paa linapoungana na fenda, nyuma ya dirisha, ikaanguka. Akazunguka upande wa pili. Ikaanguka mahali palepale. Kipima kilichosoma maikroni 120 hivi mlangoni kilipita 2,000 hapo. Akasema gari limegongwa, limejazwa fila, ile lipu ya kuzibia mabonde, na bei ishuke.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, ajali gani hiyo inayogonga kushoto na kulia kwa kipimo kimoja?"

Akamwomba mwenye gari ruhusa, akainua mpira wa dirisha na kukwangua kwa ncha ya kisu mahali ambapo mpira ungefunika tena. Fila ya poliesta ukiikwangua hutoa unga. Hapa ulitoka uzi laini uliojikunja, na mkwaruzo ukang'aa. Ilikuwa risasi, na iliwekwa kiwandani.

Nilikuwa nimeshasikia habari hizo. Kuziona ni jambo jingine. Bodi ya gari haitoki kwenye mashine ikiwa kipande kimoja. Wakati huo paa, fenda na sili za chini ya milango zilibonyezwa mbalimbali, zikafungwa kwenye jigi, yaani fremu ya kuzishikilia, na kuunganishwa kwa weldi za nukta. Maungio yaliyokuwa mahali pa kuonekana yalizibwa kwa mchanganyiko wa risasi asilimia 70 na bati asilimia 30, yakapigwa tupa hadi mkono usihisi kitu, ndipo rangi ikaja. Kwa hiyo sumaku peke yake haihukumu gari la umri huo. Uliza kwanza: hapa kiwandani palikuwa na ungio? Kama lipo, na pande zote mbili zinasoma sawa, usikimbilie kusema ajali. Risasi au fila ikionekana katikati ya mlango, hapo una haki ya kushuku.

Gari lilinunuliwa, likaja kwetu kwa sababu rangi ilikuwa imetoa malengelenge juu ya ungio la kushoto. Mzee akanipa tochi ya gesi. "Moto mlaini, na usikae mahali pamoja. Paa likipinda hulirudishi."

Mchanganyiko ule huanza kulegea kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na kuyeyuka kabisa karibu na 255. Katikati hapo huwa na ulaini wa siagi, na ndiyo nafasi yote ya kufanyia kazi. Uso wa risasi ulififia, ukalegea, kisha tabaka zima likateleza na kuanguka kwenye karai. Mzee akafuta mabaki kwa kitambaa, na ungio lenyewe likatokea.

Nililitazama kwa muda mrefu. Ukingo wa fenda ulikuwa umepanda juu ya paa karibu milimita 3, ukashushwa kwa nyundo. Alama za nyundo zilikuwa wazi, zimepangana kwa karibu, kazi ya mtu anayejua anachofanya na anayeharakishwa. Nukta za weldi hazikuachana sawa. Moja ilikuwa imepigwa nje ya ukingo na nyingine kuongezwa kando yake. Kwenye risasi iliyobaki juu, chini ya rangi ya msingi, michirizi ya tupa ilikuwa imelala upande mmoja yote. Mtu alisimama pale, akasahihisha kwa mkono kile ambacho mashine ilishindwa kukileta sawa.

Malengelenge nayo yalitokana na tindikali ya kusafishia chuma kabla ya kupaka risasi. Isipooshwa vizuri hubaki kwenye vitundu, hula chuma polepole na kuinua rangi. Tulisugua hadi chuma kitupu, tukapaka uji mzito wenye unga wa risasi na bati, tukaupasha hadi ukang'aa, tukafuta, tukajaza kwa mche wa risasi na kibao chenye nta. Mwishoni tuliosha kwa maji yenye bikaboneti ya soda, kisha maji matupu. Kusawazisha ni kwa tupa ya mkono. Grainda hapana kabisa, maana vumbi la risasi ni sumu. Tupa hutoa chembe nzito zinazoanguka chini, nazo unazikusanya. Barakoa, glovu, na kunawa kabla ya kula.

Kilichobaki ni mlango wa kushoto. Tulipima mwanya kwa mashina ya keekee, kwa milimita: 4 ilipita kwa shida juu, 6 ilicheza chini. Kulia ilikuwa 5 kote. Bawaba zilikuwa nzima, shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebishia bawaba, ni zile za mwanzo, ungio la ukingo wa mlango halijawahi kuguswa. Ulitoka kiwandani hivyo. Kalibu za kushoto na kulia ni mbili tofauti, huchakaa kwa namna yake kila moja, na hitilafu ndogo za kila kipande hujumlishwa mlangoni. Kwenye Porsche 356 tarakimu za mwisho za namba ya chasisi zilipigwa muhuri kwenye milango na vifuniko, kwa sababu kila kimoja kilirekebishwa kikae kwenye bodi yake tu.

Mwenye gari mpya alitaka mwanya sawa pande zote. Mzee alimweleza, kisha akasema, "Gari ni lako, bwana." Tukachomelea waya mwembamba kwenye ukingo wa chini, nukta moja moja kwa kupokezana mwanzo na mwisho ili mlango usipinde, tukapiga tupa hadi 5. Hatukutumia fila, maana ukingoni hupasuka mlango ukibamizwa mara chache.

Ulipendeza, siwezi kusema vingine. Ila ushahidi pekee wa jinsi mlango ule ulivyokaa tangu mwanzo sasa ni vipimo nilivyoviandika kwenye daftari kabla ya kuwasha moto, na bado sijaamua kama ningeukataa ule mwanya wa 6 kama gari lingekuwa langu.